Namna ya kutafuta thamani ya zamani ya shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania

Anayetafuta thamani ya zamani ya shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania, awe anakokotoa mirathi, deni la kifamilia, hesabu za biashara ya mpakani au takwimu za tasnifu, hana budi kujua mambo matatu kabla ya kufungua jedwali lolote: siku yenyewe ya malipo, aina ya bei anayoitaka, na upande ambao bei hiyo inasomwa. Hesabu nyingi nilizowahi kuziona zimeharibika ziliharibika hapo, wala si kwenye kuzidisha na kugawanya.

Anza na mwaka, kwa kuwa mwaka ndio unaoamua kama kuna hesabu ya kufanya. Kabla ya 1966 hapakuwa na shilingi mbili. Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake kupitia benki kuu yake, na zote zilianza zikiwa sawa kwa sawa, takriban shilingi 7.14 kwa dola moja ya Marekani. Mwenye stakabadhi ya pauni awe mwangalifu: Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni lakini nchi zetu hazikuifuata, na kuanzia hapo pauni moja ikawa shilingi 17.14 badala ya 20. Usawa wa shilingi ya Kenya na ya Tanzania uliendelea, kwa tofauti ndogo sana, hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1970.

Kwa miaka iliyofuata, njia ya uhakika ni kupitia dola. Takwimu za Benki ya Dunia na za Shirika la Fedha la Kimataifa hutoa bei ya dola moja kwa kila sarafu, mwaka hadi mwaka, nazo zinapatikana bure kwenye intaneti. Chukua shilingi za Tanzania kwa dola, ugawanye kwa shilingi za Kenya kwa dola, na jibu ni shilingi za Tanzania zilizonunua shilingi moja ya Kenya. Mwaka 1990, kwa mfano, wastani wa dola ulikuwa takriban shilingi 195 za Tanzania na takriban 22.9 za Kenya, kwa hiyo shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi 8.5 za Tanzania. Kwa njia hiyohiyo utapata takriban 11.2 kwa mwaka 1995 na takriban 20 kwa mwaka 2015.

Wastani wa mwaka unafaa pale thamani ilipotulia. Pale iliporuka, wastani unapotosha, na mfano ulio wazi kuliko yote ni 1986. Mwezi Juni mwaka huo Tanzania ilishusha thamani ya shilingi kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola, kisha ikaendelea kuishusha kidogo kidogo. Tuseme daftari la marehemu baba linaonyesha kwamba Desemba 1986 alipokea shilingi 1,500 za Kenya kwa ng'ombe aliyemuuza Namanga. Ukitumia wastani wa mwaka, yaani 32.70 kwa Tanzania na 16.23 kwa Kenya, utapata kama shilingi 3,020 za Tanzania. Ukitumia bei za mwisho wa mwaka, yaani 51.72 na 16.04, utapata kama 4,840. Daftari ni lilelile na ng'ombe ni yuleyule, lakini majibu yameachana kwa zaidi ya shilingi 1,800, na lililo karibu na ukweli wa mwezi ule ni hilo la pili. Kwa upande wa Kenya, mwaka wa kuogopa ni 1993, ambapo dola ilianza ikiwa karibu shilingi 36 na kumaliza ikiwa karibu 68. Kwa miaka ya namna hii tafuta takwimu za mwezi, usiridhike na za mwaka.

Liko jambo zito zaidi, nami nalisisitiza kwa sababu linagusa haki za watu. Mwaka 1985 takwimu rasmi zinaonyesha dola moja kuwa takriban shilingi 17.5 za Tanzania na 16.4 za Kenya, kana kwamba shilingi hizo mbili zilikuwa bado zinakaribia kulingana. Aliyekuwa Moshi, Tarime au Tanga miaka ile anajua kwamba hakuna mtu mpakani aliyetoa shilingi ya Kenya kwa bei hiyo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977 hadi 1983, na bei ya ulanguzi ilikuwa mara kadhaa ya ile rasmi. Kwa hiyo, kama malipo ya wakati huo yalipitia benki, bei rasmi ndiyo bei yake. Kama yalifanyika mkononi, tafuta ushahidi wa wakati ule: barua, daftari la duka, au bei ya bidhaa moja, sabuni au sukari, pande zote mbili za mpaka katika mwezi uleule. Nchini Tanzania tofauti hiyo ilipungua baada ya sheria ya fedha za kigeni ya 1992 kuruhusu maduka ya kubadilisha fedha.

Kwa miaka ya karibuni kazi ni nyepesi, kwa kuwa benki kuu zote mbili hutangaza bei kila siku ya kazi. Malipo yaliyofanyika Jumapili au sikukuu huchukua bei ya siku ya kazi iliyotangulia. Soma jedwali kwa makini: Benki Kuu ya Kenya huonyesha dola kwa shilingi za Kenya, lakini sarafu za majirani huzigeuza, ikionyesha shilingi ngapi za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya. Asiyeliona hilo atazidisha palipotakiwa kugawanya. Chagua pia kati ya bei ya kununua, ya kuuza na ya wastani, yaani ya katikati ya hizo mbili kwa siku ileile. Kwa hesabu za mirathi na vitabu hutumika ya wastani, ila mwenye stakabadhi ya duka la kubadilisha fedha ashike bei iliyoandikwa humo, kwa sababu ndiyo aliyolipa.

Ukishapata jibu, andika kando yake tarehe, aina ya bei na mahali ulipoitoa, kwa mfano: “Shilingi 1 ya Kenya = shilingi 3.22 za Tanzania, bei rasmi ya mwisho wa Desemba 1986, kupitia dola.”