Hendikapu ya Gofu kwa Anayeanza: Inavyopatikana na Inavyotumika

Mchezaji aliyeshika fimbo ya gofu kwa miaka thelathini anaweza kushindana na mtu aliyeanza mwaka jana, na yule mgeni akashinda pasipo mtu yeyote kupendelewa. Kinachowezesha jambo hilo ni hendikapu, yaani namba inayoonyesha mikwaju ambayo mchezaji anastahili kupunguziwa katika jumla yake ili alinganishwe kwa haki na mwenzake aliye hodari kuliko yeye. Anayejiunga na Mombasa Golf Club, juu ya majabali yanayotazama bahari kwenye barabara ya Mama Ngina, au na Nyali Golf and Country Club upande wa bara, ataulizwa namba hiyo pengine kabla hajaulizwa anaishi mtaa gani. Ni vyema basi aielewe mapema, kwa kuwa wapo wanaoitaja miaka nenda miaka rudi bila kujua imetoka wapi.

Dhana ya kwanza ya kuondoa akilini ni kwamba hendikapu ni wastani wa mchezo wako. Sivyo. Chini ya Mfumo wa Hendikapu wa Dunia, ulioanza kutumika mwaka 2020 baada ya R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, kuunganisha mifumo sita iliyokuwapo awali, huangaliwa kadi zako 20 za karibuni, yaani karatasi za matokeo ya raundi ulizocheza, kisha huchukuliwa matokeo 8 yaliyo bora peke yake, na wastani wa hayo manane ndio unaoitwa fahirisi ya hendikapu. Yale 12 yaliyobaki hayaingii katika hesabu. Namba hii, kwa hiyo, hupima uwezo wako siku unapocheza vizuri, na ndiyo sababu mchezaji mwaminifu huifikia mara chache tu, huku raundi zake nyingi zikiisha akiwa ameipita kwa mikwaju kadhaa. Anayeifikia kila wikendi ndiye anayepaswa kutiliwa shaka.

Ili kupata fahirisi ya kwanza, unatakiwa kuwasilisha kadi zenye jumla ya mashimo 54. Yanaweza kuwa raundi tatu za mashimo 18, raundi sita za mashimo 9, au mchanganyiko wa hizo mbili, jambo ambalo ni faraja kwa wanaoanzia Mombasa Golf Club, kwa maana uwanja wake una mashimo 9 na anayetaka 18 huuzunguka mara mbili. Raundi iwe imechezwa kwa kufuata kanuni za gofu, usiwe umecheza peke yako, na kadi ithibitishwe na mwenzako aliyekuandikia. Kiwango cha juu kabisa anachoweza kupewa mchezaji, mwanamume au mwanamke, ni 54.0, yaani mikwaju mitatu kwa kila shimo, hivyo hakuna sababu ya mtu kuona haya kuwasilisha kadi zake za mwanzo.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na hii ndiyo sehemu inayowachanganya wengi. Mikwaju 100 katika uwanja mgumu si sawa na mikwaju 100 katika uwanja mwepesi, kwa hiyo kila uwanja uliopimwa rasmi hupewa namba mbili. Ya kwanza ni kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mwenye hendikapu sifuri, na huandikwa kwa desimali, kwa mfano 71.2. Ya pili ni slopu, inayoonyesha ni kwa kiasi gani uwanja humtesa mchezaji wa kawaida kuliko unavyomtesa yule hodari. Huanzia 55 hadi 155, na uwanja wenye ugumu wa wastani huhesabiwa kuwa na 113. Chukua mikwaju uliyopiga, toa kiwango cha uwanja, kisha zidisha kwa 113 na ugawe kwa slopu. Jibu huitwa tofauti ya raundi hiyo, na tofauti hizo ndizo zinazolinganishwa, wala si jumla za mikwaju zilizo kwenye kadi.

Tuseme umecheza raundi tatu katika uwanja wa mfano wenye pari (idadi ya mikwaju iliyowekwa rasmi kuwa kipimo cha shimo au cha uwanja mzima) ya 72, kiwango cha 71.2 na slopu ya 128, ukapiga mikwaju 100, 104 na 109. Tofauti zako zitakuwa 25.4, 29.0 na 33.4. Kwa kuwa una kadi tatu tu, mfumo huchukua iliyo bora na kuipunguza 2.0, na fahirisi yako ya kwanza inakuwa 23.4. Kadi zikiongezeka, punguzo hilo huondoka na idadi ya matokeo yanayohesabiwa hupanda polepole hadi kufikia yale 8 kati ya 20. Programu ya klabu hufanya hesabu hii yote, lakini aliyeifanya mwenyewe kwa kalamu angalau mara moja hatababaishwa na mabadiliko ya namba yake.

Siku za upepo mkali wa kusi, wakati mipira inapopeperushwa na kila mtu akarudi na kadi mbaya, mfumo una kipengele chake cha kulinganisha matokeo ya siku nzima na yale yaliyotarajiwa, na unaweza kupunguza mkwaju 1 hadi 3 katika hesabu ya raundi, au kuongeza 1 siku ikiwa rahisi kuliko kawaida. Ili kipengele hiki kifanye kazi, ni lazima kadi zisizopungua nane ziwe zimewasilishwa siku hiyo katika uwanja huo. Kwa hiyo kadi iliyofichwa mfukoni kwa aibu huwanyima na wengine haki yao.

Kuna kinga nyingine inayomlinda anayeanza. Shimo moja baya haliruhusiwi kuharibu raundi nzima. Mtu ambaye bado hana hendikapu huandikiwa, kwa ajili ya hesabu hii, mikwaju isiyozidi pari ya shimo na mitano zaidi. Aliye nayo huandikiwa isiyozidi pari, kuongeza miwili, kuongeza ile anayopunguziwa katika shimo hilo. Mikwaju ya kupunguziwa hugawanywa kwa kufuata namba za ugumu zilizoandikwa kwenye kadi, 1 hadi 18, ambapo 1 ndiyo ya kwanza kupewa. Mwenye hendikapu ya 26 hupata mkwaju mmoja kila shimo, na wa pili katika mashimo yenye namba 1 hadi 8. Basi katika shimo la pari 4 lenye namba 5, hata kama mipira yake miwili ilipotelea vichakani akamaliza kwa 11, kwenye hesabu ya hendikapu itaingia 8.

Fahirisi ya 23.4 haitumiki moja kwa moja uwanjani. Kabla ya kucheza, hugeuzwa kuwa hendikapu ya uwanja: izidishe kwa slopu, gawa kwa 113, kisha ongeza tofauti kati ya kiwango cha uwanja na pari. Katika uwanja wetu wa mfano utapata 25.7, ambayo ni 26. Ukienda katika uwanja mwepesi wenye slopu ya 110, kiwango cha 68.5 na pari ya 71, namba hiyo hiyo itakupa 20 peke yake. Wapo wanaodhani wamedhulumiwa mikwaju sita, ilhali ni uwanja uliobadilika.

Katika shindano la mtu mmoja mmoja linalohesabiwa kwa jumla ya mikwaju, hutumika asilimia 95 ya hendikapu ya uwanja, tena kabla desimali haijaondolewa, kwa hiyo 25.7 huwa 24. Katika mchezo wa ana kwa ana wa shimo kwa shimo hutumika yote, na dhaifu hupewa tofauti iliyopo: mjomba mwenye 9 akicheza na mpwa mwenye 26, mpwa atapunguziwa mkwaju katika mashimo yenye namba 1 hadi 17, na mjomba asinung'unike. Katika Stableford, mtindo wa kushindana kwa pointi za kila shimo, ambako kupata pari baada ya kupunguziwa huleta pointi 2, mchezaji mwenye pointi 36 ndiye aliyecheza sawasawa na hendikapu aliyotumia siku hiyo.

Ukishafikisha kadi 20, mfumo huweka breki upande wa kupanda. Fahirisi ikizidi ile ya chini kabisa uliyokuwa nayo ndani ya mwaka mmoja kwa zaidi ya 3.0, kila kinachozidi hapo hukatwa nusu, na kwa vyovyote haiwezi kuipita kwa zaidi ya 5.0. Upande wa kushuka hakuna breki. Tofauti ya raundi ikiwa bora kuliko fahirisi yako kwa 7.0 au zaidi, unapunguziwa 1.0 ya ziada, na ikifika 10.0 unapunguziwa 2.0. Kwa maoni yangu ukali huu ni wa haki, kwa sababu anayeacha makusudi kuwasilisha kadi nzuri ili abaki na namba kubwa na kubeba zawadi huwaibia wenzake mchana kweupe, na hakuna mchezaji anayesemwa vibaya kuliko huyo.

Wasilisha kila kadi siku ile ile uliyocheza, nzuri kwa mbaya, kwa kuwa fahirisi mpya hutolewa siku inayofuata. Na ukialikwa Vipingo au Diani, usitumie namba uliyoizoea Nyali. Tafuta kwanza jedwali la uwanja huo, chagua safu ya rangi ya vigingi utakavyoanzia, soma hendikapu yako ya uwanja, na uiandike kwenye kadi kabla hujapiga mkwaju wa kwanza.