Yoga ya Dakika 15 Kabla ya Kengele: Mwongozo kwa Walimu wa Gredi za Chini Mombasa

Mazoezi haya hufaa asubuhi, kabla ya saa mbili, jua la Mombasa likiwa halijawa kali na watoto wakiwa hawajakaa sana kwenye madawati. Dakika 15 zinawatosha watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho. Kwa kuwa yoga ni mazoezi mepesi, haiwezi kuchukua nafasi ya kukimbia, kuruka kamba wala kandanda.

Tafuta kivuli cha mwembe au baraza pana. Nilipoanza nilitandika mikeka ya ukindu juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa, na siku ya pili tu mkeka ukateleza na mtoto akaanguka kifudifudi. Tangu hapo watoto husimama pekupeku kwenye sakafu kavu, na mkeka hutandikwa wakati wa kulala chali peke yake. Wasichana wavae suruali ya mazoezi ndani ya sketi ili wasishughulike na nguo, na aliyetoka kunywa chai nzito asubiri kwanza.

Wazazi wengine watauliza iwapo yoga ni ibada. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa asili yake ni India na huko imefungamana na dini kwa karne nyingi. Waeleze mapema kwamba darasani hakuna nyimbo wala maneno ya kurudia, ila kunyoosha viungo na kupumua tu, kisha waalike waje waone.

Anza na mnazi. Mtoto husimama kwa mguu mmoja, akaegemeza unyayo wa mguu wa pili kwenye kifundo au pajani, lakini kamwe si kwenye goti, kwa kuwa goti halikuumbwa kusukumwa kwa upande. Mikono hupanda juu kama makuti. Mwambie akazie macho kitu kisichotikisika, kwa mfano msumari wa ukutani, kwani anayemtazama mwenzake huanguka naye. Wakishatulia, tangaza kwamba kaskazi inavuma, nao wayumbishe mikono bila kung'oa mguu. Hapo ndipo vicheko huanza, na vicheko si utovu wa nidhamu.

Kisha wapige magoti na kuweka viganja chini wawe paka: wakivuta pumzi tumbo hushuka, wakiitoa mgongo hupinda juu. Baada ya paka huja swila, ambapo mtoto hulala kifudifudi, viganja chini ya mabega, akainua kifua huku akitoa pumzi kwa mlio wa "sss". Ngalawa ni ngumu zaidi, maana mtoto hukaa, akainua miguu na kunyoosha mikono pembeni kama miti inayoizuia ngalawa isipinduke. Kila umbo lishikwe kwa pumzi tatu au tano tu. Usimsukume mtoto mgongoni ili apinde zaidi, na kusimama kwa kichwa kusiwepo kabisa. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu na asizuie pumzi. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga wafanye sehemu ya kupumua peke yake.

Mwisho, walale chali, kila mmoja akiwa na mashua ya karatasi juu ya tumbo. Kazi yao ni kuipandisha na kuishusha kwa pumzi za puani, polepole, isianguke. Mtoto msumbufu kuliko wote darasani mwangu ndiye ambaye mashua yake hukaa muda mrefu zaidi. Kengele ikilia wasikurupuke. Wageukie ubavu kwanza, wakae kidogo, ndipo wavae viatu.