Somo: Faili la mipangilio la pytest, na kwa nini wakati mwingine halisikiki

Kuna jioni nzima niliipoteza nikihariri pyproject.toml, mojawapo ya mafaili yanayoweza kubeba mipangilio ya pytest, chombo cha kuendesha majaribio ya msimbo wa Python. Nabadilisha, nahifadhi, naendesha majaribio, hakuna kinachobadilika. Kumbe kwenye folda kuu kulikuwa na pytest.ini tupu kabisa, ambalo nililitengeneza mwenyewe nikalisahau. pytest ililikuta hilo kwanza, ikaridhika nalo, na pyproject.toml yangu haikuguswa. Ndiyo maana somo hili linaanza na kujua ni faili gani linasomwa, kabla ya kuandika chochote ndani yake.

Hatua ya 1: Soma mistari ya juu

Simama kwenye folda kuu ya mradi, andika pytest, kisha tazama mistari ya mwanzo. Utaona rootdir, yaani folda ambayo pytest imeichukua kuwa shina la mradi, na configfile, yaani faili lililosomwa. Ukikosa configfile, basi hakuna faili lililopatikana.

pytest haichanganyi mafaili. Inapita kwenye foleni: pytest.toml (lilikuja na toleo la 9), pytest.ini, pyproject.toml, tox.ini, na mwisho setup.cfg. La kwanza kufaa ndilo linalochukuliwa, mengine yanaachwa hata yakiwa na maneno mazuri kiasi gani. Hayo mawili ya mwanzo huhesabika hata yakiwa matupu. Yanayofuata kwa kawaida huhesabika pale yanapokuwa na sehemu inayohusu pytest.

Mimi natumia pytest.ini hapa kwa sababu linaeleweka na matoleo ya zamani pia.

Hatua ya 2: Andika faili lenyewe

[pytest]
testpaths = majaribio
pythonpath = .
addopts = -ra --strict-markers -m "not polepole"
markers =
    polepole: majaribio yanayochukua muda
    malipo: majaribio ya sehemu ya malipo

testpaths inaiambia pytest itafute wapi usipotaja folda kwenye amri. pythonpath, iliyopo tangu toleo la 7.0, inaiwezesha Python kuuona msimbo wako bila zile hila za sys.path (orodha ya folda ambamo Python hutafuta msimbo). addopts ni machaguo yanayoongezwa kila unapoendesha, kana kwamba umeyachapa mwenyewe. Hiyo -ra inakupa mwishoni muhtasari wa majaribio yaliyoanguka au kurukwa pamoja na sababu zake.

markers ni orodha ya alama, yaani majina unayoyabandika kwenye majaribio ili uweze kuyachagua, na -m huchagua kwa alama hizo: "not polepole" huyaacha yenye alama ya polepole.

Kwenye --strict-markers nitakaa kidogo. Tuseme umechapa @pytest.mark.poleple badala ya polepole. Bila chaguo hili unapewa onyo la njano, ambalo baada ya siku mbili hakuna anayelisoma tena, na jaribio lako zito linaendelea kukimbia kila mara. Ukiwa nalo, pytest inagoma palepale na kukutajia neno isilolijua. Sijawahi kujuta kuliweka.

Hatua ya 3: Mipangilio yako mwenyewe

Anwani ya seva inayojaribiwa isitapakae ndani ya majaribio. Weka conftest.py, faili la Python ambalo pytest hulipakia yenyewe, jirani na pytest.ini:

import pytest

def pytest_addoption(parser):
    parser.addini("anwani", "Anwani ya seva", default="http://localhost:8000")

@pytest.fixture
def anwani(request):
    return request.config.getini("anwani")

addini inasajili mpangilio mpya, getini inausoma, na fixture ni kazi inayoliandalia jaribio kitu linachohitaji. Sasa unaweza kuandika anwani = ... ndani ya pytest.ini, na jaribio lolote likaipokea kwa kutaja anwani kwenye mabano yake. Ukitaka seva nyingine kwa mara moja tu:

pytest -o anwani=http://localhost:9000

Manenosiri yasiingie humu. Faili hili linaingia Git pamoja na msimbo, na ukishalipeleka, kufuta mstari hakufuti historia. Itabidi ubadilishe nenosiri lenyewe. Lisome kutoka kwenye vigezo vya mazingira (environment variables) vya kompyuta kwa os.environ ndani ya fixture, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwangu configfile inaonyesha pytest.ini vizuri tu, lakini alama zangu hazitambuliki. Faili limesomwa au halijasomwa?

Jibu: Limepatikana, ila kichwa cha sehemu nadhani kimekosewa. Angalia kama umeandika [tool:pytest]. Hicho ni cha setup.cfg, na watu hukinakili bila kujua. Ndani ya pytest.ini na tox.ini ni [pytest], ndani ya pyproject.toml ni [tool.pytest.ini_options]. Kikikosewa, pytest inapita kimya.

Swali la mwanachama huyohuyo: Ndicho hicho. Asante mkuu.

Swali: Nimefuata faili lako neno kwa neno. Nikiandika pytest -m malipo, yale ya polepole yanarudi! Si tuliyazuia kwenye addopts?

Jibu: Swali zuri, na kosa ni langu kutolisema juu. -m mbili hazijumlishwi, ya mwisho inaifuta ya kwanza. Machaguo ya addopts husomwa kwanza, kisha yaliyomo kwenye kigezo cha mazingira PYTEST_ADDOPTS, kisha uliyochapa wewe. Kwa hiyo "not polepole" imeondoka. Andika:

pytest -m "malipo and not polepole"

Na siku ukitaka yote yaende, mazito kwa mepesi, andika pytest -m "".

Swali: Mimi napenda pytest isimame jaribio la kwanza linapoanguka, wenzangu hawataki. Nitengeneze faili langu pembeni nilitaje kwa -c?

Jibu: Usifanye hivyo. Faili la -c linachukua nafasi ya lile la timu lote, haliongezi juu yake. Wenzako wakisajili alama mpya, wewe huna. Weka kwenye kompyuta yako:

export PYTEST_ADDOPTS="-x"

La timu linabaki lilivyo, na -x inakuhusu wewe peke yako.

Swali: Nimeweka conftest.py ndani ya majaribio/malipo, na ndani ya pytest_addoption yake nimeongeza chaguo la amri --seva kwa parser.addoption. Nikiandika pytest --seva, inalalamika kuwa haijui --seva. Nimekosea wapi?

Jibu: Mahali. pytest_addoption huitwa mapema kabisa, pytest inapowaka. Wakati huo inapakia conftest.py za kwenye njia ulizotaja au za testpaths. Iliyojificha folda moja ndani zaidi inachelewa, inakuta machaguo yameshasomwa. Ipandishe hadi folda kuu, fixture nyingine za malipo ziache hukohuko.