Kabla hujampima mtu kama pua yake inasikia harufu, au hujaenda kupimwa, soma hapa

Siku ya kipimo usipake pafyumu wala kujifukiza udi, na anayekusindikiza naye hivyo hivyo. Robo saa kabla ni maji tu, hakuna kahawa, sigara, bigijii wala ugoro. Una mafua ya juzi, ahirisha. Andika ilianza lini, kama ni baada ya Korona au kuanguka na bodaboda ukapiga kichwa, na dawa zote unazotumia.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu: kumpima mtu kwa Vicks au siki. Shangazi yangu hapa Ujiji alikuwa analalamika ugali na samaki mgebuka vyote sawa tu mdomoni, anapita Kibirizi dagaa zimeanikwa hasikii kitu. Mtu wa pale nyumbani akamsogezea Vicks puani, shangazi akarusha kichwa machozi yakamtoka, watu wakacheka, "si huyo anasikia!" Ikaishia hapo, akaonekana anadeka. Kumbe ule ukali unapita kwenye mshipa wa fahamu unaobeba hisia za uso, uleule unaokuchoma macho ukikata kitunguu, sio wa harufu, kwa hiyo hata asiyesikia harufu kabisa anaweza kushtuka. Baadaye mpira wa gesi ukavuja, yeye yuko jikoni na kiberiti mkononi, jirani ndo akaisikia toka mlangoni akapiga kelele.

Tumia kahawa, mawese, ndizi mbivu, sabuni. Vichupa vifanane, kimoja kiwe na maji matupu ili mwenye kubahatisha ajulikane, macho afumbe, tundu moja moja, apumzike nusu dakika kila mara.

Ukikutana na kile kipimo cha harufu cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, cha mwaka 1984, vijitabu vinne vya kukwangua, harufu 40, kila moja majibu manne, usiache swali wazi hata kama husikii. Asiyesikia kabisa akibahatisha anapata kama 10, ukipata 2 watahisi unaigiza. Ila humo kuna vitu vya Wamarekani, matango ya siki sijui soda gani, nani Ujiji anavijua? Mwambie mpimaji hii harufu siijui, sio siisikii, ni tofauti.

Wakati mnasubiri majibu maziwa na dagaa anuse mtu mwingine kama vimeharibika, mtungi wa gesi utoeni nje, na kuangalia kama unavuja pakeni povu la sabuni kwenye mpira, msiwashe kiberiti jamani.