Jinsi ya Kupokea Tumaini Jipya kwa Asubuhi 22 za Maombolezo

Mtu aliyefiwa, au aliyevunjika moyo kwa jambo lingine zito, mara nyingi hupewa maneno haya ya faraja: "Ni mpya kila siku asubuhi." Ni maneno ya kweli, lakini yakitolewa peke yake humfikia kama salamu ya mpita njia. Yanatoka Maombolezo 3:23, ndani ya kitabu kinacholilia Yerusalemu baada ya majeshi ya Babeli kuubomoa mji huo yapata mwaka 586 kabla ya Kristo, hekalu likateketezwa na watoto wakazimia kwa njaa njiani. Ndiyo maana ninapendekeza uyafikie kwa njia ileile aliyopita mwandishi wake.

Sura ya 3 ina mistari 66, nayo imetungwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, mistari mitatu kwa kila herufi; washairi wa kale wa pwani yetu nao walitunga vivyo hivyo kwa herufi za Kiarabu. Basi soma mistari mitatu kila asubuhi, kwa sauti, kabla hujashika simu. Anza siku ya Jumapili. Uwe na daftari, na baada ya kusoma andika sentensi moja tu ya kumwambia Mungu jambo linalokuuma, kwa maneno unayoyatumia nyumbani. Usiipambe sentensi hiyo.

Wiki ya kwanza itakuwa ngumu, nawe usiiruke. Asubuhi ya sita utamkuta mwombolezaji akisema kwamba meno yake yamevunjwa kwa changarawe, na kwamba nguvu zake na tumaini lake kwa Bwana vimepotea. Nilisoma mistari hiyo matanga ya mama yalipokwisha, ndugu wakiwa wamesafiri na viti vya kuazima vimerudishwa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake jikoni mbele ya mafiga yaliyopoa. Nilikuwa nimeona haya kusema kwamba sina tumaini, kumbe neno hilo limo katika Maandiko Matakatifu, limeandikwa na mtu aliyekuwa bado anaomba. Siku hiyo ndipo nilipoweza kulia vizuri.

Kwa hesabu hii, mstari wa 22 hadi wa 24 huangukia asubuhi ya nane, yaani Jumapili inayofuata. Hapo ndipo unaposoma kwamba ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, na kwamba rehema zake ni mpya kila siku asubuhi. Wakristo wa kale waliiita Jumapili siku ya nane kwa sababu ndiyo siku aliyofufuka Bwana, naye Paulo anasema kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya. Asubuhi hiyo usisome peke yako. Nenda kanisani, au mwombe mtu mmoja wa jumuiya yako aje kusoma nawe. Akiuliza unaendeleaje, mwonyeshe daftari.

Usishangae machozi yakirudi baadaye. Asubuhi ya 16 mwombolezaji huyohuyo anasema kwamba jicho lake lachuruzika mito ya maji, ingawa amekwisha kuzitangaza rehema za Mungu. Upya unaotajwa hapa hutolewa kwa kipimo cha siku, kama mana jangwani, wala kulia Jumanne si dalili kwamba imani ya Jumapili ilikuwa ya uongo.

Mwili nao una haki yake. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria, bali alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Kunywa uji hata kama huna hamu. Na ikiwa usingizi umekukimbia kwa majuma, au unawaza kujiua, mwambie mtu leo hii na mfike hospitali pamoja. Kutibiwa si kumkana Mungu, na sala zako utaendelea nazo hukohuko.

Asubuhi 22 zikiisha, soma sura ya 5 yote kwa mara moja. Mstari wake wa mwisho ni mzito, nao Wayahudi wanaposoma kitabu hiki katika mfungo wa kukumbuka kuanguka kwa hekalu hawakomi hapo, bali hurudia mstari wa 21 kwa sauti. Fanya kama wao, kisha uuandike mstari huo katika ukurasa unaofuata wa daftari, chini ya zile sentensi zako 22: "Ee Bwana, utugeuze kwako, nasi tutageuka, zifanye siku zetu kuwa mpya kama siku za kale."