Likizo ya ufukweni Unguja na watoto wadogo: panga siku kwa maji

Familia nyingi huchagua hoteli ya Unguja kwa picha, na picha hizo karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Ukifika Jambiani saa nne asubuhi siku ya bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), bahari iko mbali kule kwenye mwamba, na mbele ya watoto kuna mchanga wa majimaji, majani na vijiti vya mashamba ya mwani. Ufukwe hauna kosa. Siku ndiyo iliyopangwa vibaya.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kulipa

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama tu, huwa bamvua: tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji huwa yamepwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na yamejaa mnamo saa kumi jioni. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu: tofauti ni ndogo, na maji hujaa mnamo saa nne asubuhi.

Sasa weka jua juu ya hesabu hiyo. Jua kali ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa hiyo siku za bamvua watoto wacheze kwenye vidimbwi asubuhi kabla ya saa nne, walale mchana, waogelee kuanzia saa tisa na nusu. Siku za maji mafu waogelee saa mbili hadi saa nne asubuhi. Siku ngumu ni zile tatu nne kabla ya bamvua, maji yanapojaa jua likiwa la utosini. Hizo ndizo za kwenda msitu wa Jozani kuona kima punju, au kupanda boti hadi kisiwa cha Changuu kuwalisha makobe wakubwa majani.

Ratiba ya maji ya kila siku iko kwenye intaneti, lakini mvuvi yeyote pale ufukweni ataitaja bila kuangalia simu.

Hatua ya 2: Chagua upande wa kisiwa

Kendwa na sehemu kubwa ya Nungwi, kaskazini, huogeleka karibu saa zote. Mtoto wa miaka mitano na kuendelea anayetaka kuogelea kweli, mpeleke huko. Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe, upande wa mashariki, zina maji mapana yasiyo na kina ndani ya mwamba, na maji yakipwa hubaki vidimbwi vya vuguvugu vinavyomfaa mtoto wa miaka miwili kuliko bahari yenyewe. Paje ina watu wengi wanaoteleza majini kwa tiara. Kamba zake hukata, hivyo kaeni mbali na eneo lao.

Majira nayo yana neno. Masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kuwafungia ndani siku nzima. Kusi, Juni hadi Septemba, hakuna joto kali ila bahari huchafuka. Kaskazi, Desemba hadi Februari, joto ni kali na upepo hupiga pwani ya mashariki.

Hatua ya 3: Maswali ya kumuuliza mwenye nyumba

Je, bwawa lina uzio? Kushuka ufukweni ni kwa mchanga au kwa ngazi za mawe? (Baadhi ya hoteli za Nungwi zimejengwa juu ya jabali.) Chandarua kinafunika kitanda cha mtoto pia? Malaria imepungua sana Unguja, lakini haijaisha. Umeme ukikatika kuna jenereta? Maji ya bomba yana chumvi? Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, kwa hiyo maziwa ya kopo yakorogwe kwa maji ya kunywa ya dukani tu.

Muulize pia dereva kama ana kiti cha mtoto. Wengi hawana, na kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hadi Nungwi ni kama kilomita 60.

Hatua ya 4: Mzigo

- Yeboyebo au raba za kuingia nazo majini, jozi moja kwa kila mtu. Kandambili huchomoka mguuni.
- Fulana za mikono mirefu za kuogea, mbili kwa kila mtoto. Nguo haifutiki kama losheni.
- Losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi. Ipakwe dakika 20 kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila mtoto anapotoka majini. Ngozi nyeusi nayo huungua. Mtoto wa chini ya miezi sita akae kivulini.
- Pampasi za siku zote, maana dukani kijijini huenda usipate saizi yako. Usimwingize mtoto baharini na pampasi ya kawaida: hunywa maji, huvimba na kumvuta chini.
- ORS pakiti sita na vidonge vya zinki, vya mtoto akiharisha.
- Kibano kidogo, kipimajoto, dawa ya homa.
- Kanga nne: kivuli, taulo, shuka, na stara ya mama mkipita kijijini. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu.
- Dumu la lita tano. Lijaze maji baridi, liache juani; baada ya saa mbili una maji ya uvuguvugu ya kumsuuza mtoto.

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku. Nguo mbichi zitiwe kwenye kikapu. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa, maana nauli ya mtoto hutegemea umri.

Hatua ya 5: Kuvuka

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Wakati wa kusi kaeni chini, katikati, kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Mtoto ale chakula chepesi saa moja kabla, asitazame simu. Dawa ya kuzuia kutapika asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili bila daktari. Siku ya kufika msipange kitu kingine.

Hatua ya 6: Majini

Mtu mzima mmoja awe zamu, dakika 15 au 20, simu ikiwa mfukoni mwa mwingine. “Sote tunawaangalia” maana yake hakuna anayeangalia. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe karibu kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja.

Boya la kujaza upepo si kifaa cha kuokolea. Kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwenye fukwe zinazotazama magharibi kama Kendwa husukuma boya kuelekea baharini. Lifunge kamba, mtu mzima aishike.

Kwenda kwa miguu hadi kwenye mwamba maji yakipwa kunapendeza, na ndipo watu hukwama. Maji yakirudi hupitia kwanza kwenye mifereji, ambayo mara nyingi iko nyuma yenu, na kasi yake huwa kubwa zaidi saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa. Anzeni kurudi kabla hayajageuka. Njiani msikanyage kamba za mwani. Ni riziki ya kina mama wa kijiji.

Hatua ya 7: Yakitokea

*Mwiba wa yule mdudu wa baharini, mweusi wa duara, mwenye miiba mirefu.* Toa kwa kibano inayoonekana tu. Usichimbe wala kuminya, kwani miiba hukatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyamudu mtoto, baada ya kuyajaribu wewe kwanza, kwa nusu saa au zaidi. Wenyeji hupaka utomvu wa papai. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, nendeni hospitali.

*Yavuyavu (mnyama laini wa baharini anayewasha).* Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, wala usisugue kwa mchanga.

*Kuharisha.* Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji salama. Iliyokaa saa 24 imwagwe. Kila anapoharisha, chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, zaidi ya hapo 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea polepole. Damu kwenye choo, macho kuzama au kushindwa kunywa ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama boti ya kurudi imeshalipiwa.