Rejeta ya oili kwenye gari: pima kwanza, ndipo ufunge

Madereva wa utalii wanapoandaa magari kwa msimu wa Juni, ombi moja hurudi gereji tena na tena: "Fundi, nifungie rejeta ya oili, gari linachemsha nikipanda Mto wa Mbu." Na mimi humuuliza: kaka, umejuaje kwamba oili ndiyo yenye shida? Geji iliyopo kwenye dashibodi inasoma joto la maji. Joto la oili, magari mengi hayalionyeshi kabisa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu rejeta ya oili ya kuongeza, ile rejeta ndogo ya kupozea oili ya injini, si pambo. Inaleta mipira miwili na viungo vipya kadhaa ambavyo oili yote ya injini inapita ikiwa na presha. Kiungo kimoja kikiachia katikati ya Serengeti, oili inamwagika chini kwa muda mfupi sana na beringi za krenki zinakwenda. Kwa hiyo ifungwe pale tu ambapo kipimo kimesema ifungwe.

Hatua ya 1: Malizana na maji

Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, siyo 100. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro yanachemka karibu na 92. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta: unabana presha, na maji hayachemki mpaka yapite 110. Mpira wa mfuniko huo ukikauka au springi yake ikilegea, gari litachemsha kila mlima hata kama injini ni nzima. Mfuniko ni kifaa cha bei ndogo, na ndicho ninachoanza kubadilisha. Usiufungue injini ikiwa ya moto.

Baada ya mfuniko, angalia rejeta yenyewe kwa tochi. Magari yanayoingia hifadhini hukusanya mbegu za nyasi na vumbi katikati ya rejeta ya maji na ile ya kiyoyozi, mahali ambapo ukiosha gari kwa mbele huoni kitu. Zitenganishe, uoshe ukitokea upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo ili usilaze mapezi. Kisha feni: injini ikiwa imezimwa na ina joto, izungushe kwa mkono. Ikizunguka yenyewe mizunguko mingi bila kizuizi, klachi ya feni imechoka.

Termostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, irudishwe kama iliondolewa. Najua wapo wanaoitoa wakiamini gari litapoa zaidi. Asubuhi za Julai hapa kwetu injini hiyo inachukua muda mrefu kupata joto, oili inabaki nzito, na mvuke wa maji unaotokana na uchomaji unabaki ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Mwisho wa hatua hii, angalia kama kuna mapovu kwenye maji injini ikinguruma. Mapovu yasiyoisha yanaelekeza kwenye gasketi ya hedi au hedi yenye ufa, na hapo rejeta ya oili haina msaada wowote.

Magari mengi yanayoletwa kwa ombi hili huishia hapa.

Hatua ya 2: Tazama kama tayari unayo

Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ya Land Cruiser tunayoiona kila kona ya Arusha, imetoka kiwandani na kipoza oili kilichojificha ubavuni mwa bloku, kinachopozwa na maji ya rejeta. Dizeli nyingi ziko hivyo. Utaratibu huo ni mzuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu unafanya kazi mbili: asubuhi maji yanaipasha oili joto, na mlimani yanaipunguzia. Lakini gari lililoendeshwa miaka mingi kwa maji ya bomba bila kulanti (maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu), kutu huziba njia za kipoza hicho. Kifungue, kisafishe, weka gasketi mpya. Ukikuta oili inaelea juu ya maji ya rejeta, kipoza hicho ni mmoja wa washukiwa wa kwanza.

Na kwa wenye Noah, Alphard na gari nyingine za otomatiki: usichanganye rejeta ya oili ya injini na ile ya oili ya giaboksi. Gari lako likianza kuteleza gia baada ya kupanda na mzigo, hilo ni suala la giaboksi, na vipimo vyake ni tofauti na hivi.

Hatua ya 3: Pima joto la oili

Funga geji ya joto la oili. Sensa yake inaweza kukaa mahali pa nati ya kumwagia oili, au kwenye sahani inayokaa kati ya filta na bloku. Napendelea sahani, maana sensa ya chini ya sampu hupigwa na mawe. Ile bastola ya kupima joto kwa mwanga ukiielekeza kwenye sampu inakupa joto la bati la nje, ambalo liko chini kuliko la oili yenyewe, kwa hiyo usiamue kwayo.

Pakia gari kama linavyopakiwa kazini: abiria, maji, majiko, matairi mawili ya akiba. Aliye Arusha apande kutoka Mto wa Mbu hadi Karatu, na kama ana safari aendelee mpaka Ngorongoro. Aliye Moshi atoke Himo apande Marangu mpaka geti la hifadhi. Oili inachelewa kupata moto kuliko maji, hivyo namba ya dakika tano za mwanzo haina maana. Andika joto la juu kabisa mlimani, halafu andika inachukua muda gani kushuka ukifika tambarare.

Hatua ya 4: Soma namba

Nyuzijoto 90 hadi 110 ni afya. Oili inatakiwa ifike huko ili itoe unyevu na petroli iliyochuruzika ndani yake. Gari linalozunguka Njiro na mjini tu lisipofika 80, tatizo lake ni baridi, na rejeta ya oili italiongezea ugonjwa.

Ikigusa 115 au 120 mlimani kisha ikashuka upesi, sifungi kitu. Weka oili bora ya daraja ambalo kitabu cha gari kinaruhusu, na ufupishe kilomita za sevisi. Oili huoza haraka kadiri joto linavyopanda. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 za ziada kasi ya kuoza inakaribia kuongezeka maradufu.

Ikipita 125 na kukaa huko, maji yakiwa kwenye joto lake la kawaida, hapo rejeta ya oili ina kazi. Mara nyingi ni gari lenye tabo (turbo), linalovuta trela au lililobeba uzito siku nzima kwa gia ndogo.

Hatua ya 5: Vifaa

Sharti la kwanza: sahani iwe na termostati yake, inayofunguka karibu na nyuzijoto 80. Bila hiyo oili inazunguka kwenye rejeta hata saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi ya Ngaramtoni, na haipati joto.

Uzi wa sahani ulingane na wa filta yako. Filta nyingi za petroli za Toyota ni robo tatu inchi yenye meno 16 kwa inchi. Honda nyingi ni milimita 20, na nafasi ya milimita 1.5 kati ya meno. Zinakaribiana kwa macho, na ukilazimisha utaharibu uzi wa bloku. Mipira iwe ya oili na joto, kipenyo cha ndani kisipungue milimita 12, ncha zibanwe kwa mashine na wanaotengeneza mipira ya hadroliki. Mpira wa maji na klampu ya bisibisi, hapana.

Rejeta ya oili iliyotoka kwenye gari lililokufa injini usiinunue hata ikiwa bei ya kutupwa. Chembe za chuma hukaa ndani ya vijia vyake na haziishi kwa kuosha.

Hatua ya 6: Kufunga

Iweke mbele ya rejeta ya maji, isiizibe yote, na nyuma ya wavu wa kuzuia mawe. Viungo vielekee juu ili hewa itoke. Ishikwe kwa vishikio vyenye mpira, kwa sababu barabara zetu za mabati, zenye mawimbi yanayotikisa gari, zinapasua alumini iliyofungwa chuma kwa chuma. Mipira ipite mbali na eksozi na feni, iachiwe ulegevu kidogo injini inapotikisika, na kila inapogusa bodi ivalishwe kipande cha mpira wa zamani.

Paka oili kwenye oringi ya sahani. Jaza filta kabla ya kuirudisha kama inakaa wima.

Hatua ya 7: Kuwasha

Zuia injini isiwake kwa kukata mafuta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, uiache ingurume taratibu, ukitazama kila kiungo kwa tochi. Zima, subiri, pima stiki. Itahitaji oili zaidi ya kawaida kwa sababu rejeta na mipira vimejaa. Kisha endesha mpaka termostati ya sahani ifunguke na rejeta ipate moto ukiigusa, maana kiungo kisichovuja kikiwa baridi kinaweza kuvuja kikiwa cha moto.

Rudi mlima uleule ulioupima mwanzo, kwa mzigo uleule. Namba ikishuka na kutulia chini ya 115, vizuri. Isiposhuka, usiongeze rejeta kubwa zaidi. Rudi kwenye maji na feni. Baada ya safari ya kwanza ya vumbi kaza viungo upya, na kila sevisi pitisha vidole chini ya mipira kutafuta unyevu wa oili.